Ramani ya Gemu Unaijua, ya Kwenu Je?

Mpendwa mtahiniwa,

Wazazi na walimu wengi husema gemu zinaharibu vijana. Mimi ni mwalimu, lakini siungani nao moja kwa moja. Kijana anayeweza kueleza kila pango, kila mto na kila ngome katika gemu ya kusaka hazina hana tatizo la kumbukumbu. Swali langu ni jingine: kwa nini kijana huyohuyo, akiulizwa kuhusu Isimila, hujibu "iko Iringa" kisha ananyamaza?

Chukua mfano wa mfululizo wa gemu za The Legend of Zelda, ulioanza nchini Japani mwaka 1986. Mchezaji hupita misituni, hupanda milima na huingia mapangoni, akijitafutia njia mwenyewe. Mbunifu wake, Shigeru Miyamoto, ameeleza kwamba wazo hilo lilitokana na utoto wake huko Sonobe, karibu na Kyoto, alipokuwa akizurura vilimani na hata kuingia pangoni na taa mkononi. Dunia ile ya kubuni, basi, ilitoka katika mazingira ya kwao.

Sasa tazama mazingira ya kwetu.

Kwanza, Isimila. Ukitoka Iringa mjini kuelekea Mbeya, mwendo wa kilomita 20 hivi, utakuta bonde lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mmomonyoko. Humo ndimo zilimopatikana zana za Zama za Mawe. Darasani ulizisoma kwa Kiingereza, katika mstari mmoja. Ukiliona shoka la jiwe kwa macho yako, ukubwa wake na ncha yake, hutahitaji kukariri matumizi yake.

Pili, Lugalo na Kalenga. Lugalo ndipo Wahehe walipokishinda kikosi cha Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Kalenga ndipo ilipokuwa ngome ya Mkwawa, ambayo Wajerumani waliiteka Oktoba 1894. Jiulize: kwa nini iliwachukua miaka mitatu kufika hapo? Leo Kalenga kuna makumbusho, na fuvu la Mkwawa lililorejeshwa mwaka 1954 limehifadhiwa humo.

Tatu, Rungwe, mkoani Mbeya. Ziwa Ngozi limo ndani ya kasoko ya volkano, na Daraja la Mungu ni mwamba wa asili uliovuka mto Kiwira. Wazee watakusimulia habari za nyoka mkubwa wa Ngozi. Sikiliza kwa adabu, kisha linganisha simulizi hiyo na ulichosoma katika Jiografia. Vyote viwili ni elimu.

Hoja yangu ni kwamba gemu imekwisha kukufundisha mbinu bora ya kujisomea. Ndani ya gemu hukariri majina ya mahali. Unakwenda, unaangalia, unapotea, unarudi, unauliza. Ndiyo maana husahau. Kwenye daftari unameza orodha, na orodha hutoweka siku ya mtihani.

Utasema, "Mwalimu, nauli sina, na mtihani umekaribia." Ni kweli. Basi fanya hivi leo: funga kitabu, chora ramani ya mkoa wako kana kwamba unabuni gemu. Kwa kila mahali andika mambo matatu: nini kilitokea, kwa nini kilitokea hapo, na ushahidi gani umebaki. Kisha fungua kitabu ujisahihishe. Ukifanya hivyo kwa mada moja kila jioni, utakuwa umedurusu Historia na Jiografia, na utakuwa umekusanya mifano ya insha ya Kiswahili pia. Insha inayosema "nchi yetu ina vivutio vingi" haimwambii mtahini kitu. Insha inayoeleza nguzo za Isimila inamwonesha kwamba mwandishi anajua anachosema.

Novemba ikipita, utakuwa na miezi ya kusubiri matokeo. Cheza gemu, sikukatazi. Lakini tenga siku moja, tafuta mwenzako, aga nyumbani, mwende mahali pamoja kati ya hapo nilipotaja. Wapo wanaosafiri kutoka Ulaya kuja kupaona. Itakuwa aibu wakikuuliza habari za kwenu, nawe ukawaeleza vizuri zaidi ngome za Japani.

Nakutakia mtihani mwema.