Kemia Ianzie Chunguni

Mtoto wa Masama, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, huyajua magadi kabla hajajua kusoma. Amemwona mama yake akiyatia kidogo katika chungu cha maharage, na anafahamu kwamba bila hayo kuni zitakwisha na maharage yangali magumu. Miaka kadhaa baadaye mtoto huyo huingia sekondari, akaandikiwa ubaoni alama za sodiamu na kaboni, akazikariri, akazifanyia mtihani, kisha akazisahau. Pengine hakuna aliyemwambia kwamba alama zile ndizo magadi ya mama yake.

Sisi twaona kwamba hapo ndipo penye kasoro ya ufundishaji wa kemia katika shule zetu. Tena kasoro hiyo haiishii katika alama za mtihani. Inagusa afya ya watu.

Masama imo katika Wilaya ya Hai. Huko juu mlimani maji ya mifongo ni matamu, lakini ukiteremka tambarare, miamba iliyotokana na volkano hutia floraidi katika maji ya visima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja, na visima kadhaa vya ukanda huo hupita kiwango hicho. Mwaka 2013 ulichapishwa uchunguzi juu ya watoto wa kusini-magharibi mwa Hai ambao mifupa yao ilipindwa na floraidi. Magadi nayo yameonekana kuwa na floraidi nyingi, hata mahali penye maji mazuri chungu chaweza kuwa mlango wa madhara.

Hapa somo la kemia na somo la biolojia hukutana. Jino na mfupa hujengwa kwa madini ya kalsiamu na fosfeti. Floraidi kidogo hulikaza jino. Ikizidi wakati jino lingali linaumbwa, huliachia madoa ya kahawia. Ikizidi zaidi kwa miaka mingi, huuharibu mfupa wenyewe. Na dawa yatoka katika elimu hiyo hiyo. Huko Ngurdoto, mkoani Arusha, kipo kituo cha utafiti ambacho kimetumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchujia maji. Madini yale yale yanayoinasa floraidi katika mwili wa mtoto huinasa katika ndoo, kabla mtoto hajanywa. Mwanafunzi aliyeelewa hayo atarudi nyumbani na neno la kumwambia mama yake.

Wasomaji wetu wa visiwani wasidhani kwamba hii ni habari ya bara peke yake. Tanuri la chokaa ni darasa tosha: jiwe la matumbawe huunguzwa likatoa hewa ya ukaa, likawa chokaa kali, likitiwa maji huchemka bila moto, likipakwa ukutani huivuta tena hewa ile na kurudi kuwa jiwe. Kule Wawi, Pemba, kiwanda cha makonyo hukamua mafuta kwa mvuke, na ndani yake mna eujenoli, ambayo waganga wa meno huitumia kutuliza maumivu. Ni watoto wangapi waliochuma karafuu ambao wamefundishwa hayo darasani?

Tutaambiwa kwamba shule nyingi hazina maabara. Ni kweli, na hatusemi maabara zisijengwe. Lakini maji ya choya huwa mekundu kwa ndimu na hugeuka rangi kwa magadi, na hayo yote yapo sokoni. Tutaambiwa pia kwamba lugha ya somo ni Kiingereza. Hiyo ndiyo sababu zaidi ya kuanzia na kitu ambacho mtoto amekwisha kukishika mkononi.

Yafaa tukumbuke pia kisa cha Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, aliona kwamba maziwa ya moto aliyotengenezea aisikrimu yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Mwaka 1969, alipokuwa akisoma Mweka, juu ya Moshi, alichapisha jambo hilo pamoja na Dakta Denis Osborne, na wanasayansi wa dunia wangali wanalijadili. Hilo lilikuwa somo la fizikia, lakini funzo ni moja: swali la jikoni si la kuchekwa.

Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, na mtaala uliosisitiza ujuzi ukaingia mashuleni Tanzania Bara mwaka 2005. Kwa hiyo hatuna upungufu wa maagizo. Mwalimu hufundisha kitakachoulizwa; maadamu mtihani unauliza fasili, atafundisha fasili. Twazishauri wizara za elimu za pande zote mbili za Muungano, pamoja na Baraza la Mitihani, zihakikishe kwamba maswali ya kemia yanauliza juu ya maji, chakula, chokaa na udongo, na kwamba vyuo vya ualimu vinawazoesha walimu kufundisha hivyo.

Mtoto anayejua alama ya floraidi lakini hajui kilichomo katika kisima chao hajafundishwa kemia. Amekaririshwa tu.