Kijivu, Jipsamu na Kiburi cha Sebule

Nyumba mpya ya Kitengela, iwe ya kuuzwa au ya kupangishwa, haina siri. Kabla mlango haujafunguliwa, mgeni ameshajua kilichomo: dari ya jipsamu iliyoshushwa kwa ngazi mbili tatu, taa za LED za buluu zikichungulia kingoni, kuta za kijivu, vigae vyeupe vya kung'aa, na ukuta wa televisheni uliovishwa plastiki iliyochorwa mishipa ya marumaru. Dalali ana neno moja la kuyaeleza yote hayo: kisasa. Mnunuzi naye, ambaye sebule hiyo hiyo ameiona TikTok ikiwa Dubai na ikiwa Lagos, anatikisa kichwa kukubali.

Imani kwamba huo ndio usasa, na kwamba huongeza thamani ya nyumba, imeota mizizi Kitengela kuliko miti. Yafaa ing'olewe.

Tuanze juu. Sehemu kubwa ya Kitengela imekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba mvua za Machi hadi Mei na kunywea kiangazi kikija. Msingi usiochimbwa hadi kwenye mwamba hucheza na udongo huo, na pale vipande vya jipsamu vilipoungwa ndipo ufa hujitokeza mapema. Mabati yakivuja kwenye msumari mmoja tu, dari huchorwa ramani ya kahawia, kisha hulegea. Jipsamu na maji haviivi.

Si kwamba jipsamu yenyewe ni kitu kibaya. Karibu sehemu moja kati ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya madini, na ndiyo sababu huchelewesha moto. Nyumba ya mabati kwenye tambarare lisilo na kivuli inahitaji dari, tena sana. Lakini dari bapa inatosha. Zile ngazi zinakula urefu wa chumba ambacho tayari ni kifupi, na juu yake hukaa vumbi ambalo hakuna fagio litakalolifikia. Taa za buluu, basi, humfanya mtu anayekula ugali na sukuma aonekane yuko kwenye klabu.

Maji nayo yana neno. Visima vingi vya Kitengela hutoa maji ya chumvi, na wakazi wamezoea kununua maji ya boza. Hapo ndipo mtu anafunga mifereji myeusi isiyong'aa na bafu la kioo, kwa kuwa picha ya mtandaoni ilionyesha hivyo. Baada ya muda mfupi mfereji mweusi una madoa meupe ya chumvi, na kioo kimefifia hadi kikaonekana kama kimepakwa unga. Aliyeipiga ile picha hakuwahi kuoga kwa maji ya Kitengela.

Vigae vyeupe havihitaji hoja ndefu: barabara nyingi za mitaani ni za vumbi, na mvua ikinyesha ni za tope jeusi.

La kuchekesha zaidi ni ile plastiki ya marumaru. Kajiado, kaunti ya Kitengela, huchimba marumaru ya kweli. Vigae vyenyewe hutengenezwa ndani ya kaunti hiyo hiyo, kwenye kiwanda cha Keda kilichoanza kazi mwaka 2016. Na kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi iko Kitengela Glass, iliyoanzishwa na msanii Nani Croze, ambako vioo vilivyotumika huyeyushwa na kuwa taa, bilauri na madirisha ya rangi. Jina la mji liko kwenye kazi hiyo, lakini sebule za mji huo zimejaa plastiki ya kubandika.

Wapenda nakshi hawana haja ya kusafiri mbali kujifunza. Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu, zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zilichongwa kwenye plasta ya chokaa, safu juu ya safu, zikawekwa vyombo vya kaure. Ni mapambo mengi kupita jipsamu yoyote ya Kitengela. Tofauti ni kwamba chokaa ilichomwa kutokana na matumbawe ya bahari ile ile, na kuta nene zilitunza ubaridi.

Wenye nyumba watasema mpangaji ndiye anayetaka. Pengine, siku ya kwanza. Ila mpangaji akishahamia huuliza kama kuna tangi, kama maji yanafika bafuni, kama lami iko karibu na kama chumba cha kulala kinapoa jioni. Mji uliokuwa na zaidi ya watu 150,000 kwenye sensa ya 2019 hauna uhaba wa wapangaji, una uhaba wa maji. Fedha zinazozikwa kwenye ngazi za dari zingeweza kununua gata imara na tangi la kukinga mvua, na dirisha pana zaidi upande wa upepo. Salio likipatikana, fundi wa rangi ajaribu rangi nyingine yoyote, hata nyekundu ya shuka la Kimaasai, mradi kijivu kipumzike.