Ile «ha» ndogo



Juma lililopita tulikaa chini ya muembe kupiga video ya kikundi chetu, ile ya kutuma Bukavu. Mama mmoja alisema vizuri sana. Kwanza akataja jina la binti mmoja aliyetolewa masomoni ili aolewe. Halafu, bila hata kuvuta pumzi, akaendelea: «Hatutaondosha binti zetu masomoni tena.»

Usiku nikaanza kukata kwa simu. Jina la yule mtoto lilipaswa kutoka. Video ikisha kutembea kwa WhatsApp hairudi, naye bado anaishi kati yetu. Nikasukuma kidole kidogo tu. Jina likatoka, lakini niliposikiliza nikashtuka. Mama alikuwa anasema: «Tutaondosha binti zetu masomoni tena.» Silabi moja imepotea, na kikundi chetu kimeahidi kinyume!

Sababu ni hii. Video ni picha nyingi zinazofuatana, mara nyingi 25 au 30 kwa sekunde moja. Zikiwa 25, kila picha inachukua milisekunde 40. Programu nyingi za video zinakata kwenye mpaka wa picha na picha tu. Lakini sauti ya video kwa kawaida inapimwa mara 48,000 kwa sekunde, ndiyo kusema mara 1,920 ndani ya picha moja. Kwa hiyo sauti inaweza kukatwa kwa udogo ambao picha haiwezi.

Wenye kikundi kama chetu, fanyeni hivi:

1. Wekeni video ya kwanza pembeni, msiiguse. Fanyeni kazi kwa kopi.

2. Tanueni mstari wa video kwa vidole viwili mpaka muone mawimbi ya sauti. Herufi «h» ni pumzi tu: wimbi lake ni dogo sana, mtu anadhani ni kimya.

3. Simu ikishindwa, mkiwa na kompyuta, toeni sauti peke yake kama faili la WAV, mulifungue kwa Audacity. Ni programu ya bure, na inakata popote ndani ya sauti.

4. Jina msilifute, lifanyeni kimya. Mkifuta, sauti yote inasogea mbele na midomo haifuatani tena na maneno.

5. Pale kimya kinapokutana na sauti, pandisheni sauti polepole kwa milisekunde 5 hivi. Bila hiyo mtasikia «tik».

6. Rudisheni sauti kwenye video. Mahali pa jina, funikeni uso kwa picha ya shamba la mpunga, maana midomo nayo inasomeka.

7. Sikilizeni kwa visikizi vya masikioni, mara tatu.

Kuna la nane, ambalo halipatikani ndani ya programu yoyote. Asubuhi nilimpelekea yule mama simu, asikilize mwenyewe mbele ya kutuma. Alisikiliza kimya, akaomba nirudilie, halafu akasema: «Sawa, mwalimu. Hayo ndiyo maneno yangu.» Hapo tu ndipo nikatuma.

Sisi tunaokata tuna nguvu juu ya midomo ya wengine. Anayesema awe wa mwisho kusikiliza.

Tuonane juma lijalo.