UWANJA MTUPU HAUNA MWENYEWE

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Kila mwaka kurasa hizi hujaa maoni juu ya nidhamu, dawa za kulevya na mitihani. Mimi leo nimekuja na jambo ambalo najua wengi watacheka: nyasi. Naam, nyasi! Chekeni kwanza, kisha mnisikilize.

Nyuma ya nyumba zetu, upande wa Makadara, kuna kiwanja kidogo. Jua likiwaka ni vumbi, mvua ikinyesha ni tope jeusi linalovua mtu viatu. Likizo moja walifika wanaume watatu wakiwa na kamba ya kupimia. Akina mama walipowauliza wanataka nini, mmoja alijibu bila hata kuinua macho: "Mama, hapa si pa mtu. Kwani huoni? Hata nyasi hakuna." Wazee wa mtaa walikuja juu na watu hao wakaenda zao, lakini maneno yale yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ndugu msomaji, maoni yangu ni haya: mtaa unaotaka kulinda uwanja wake na uanze kwa kuuotesha nyasi, tena uzioteshe kwa maarifa, si kwa pupa.

Msidhani nazua. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka wa 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma, viwanja vya michezo vikiwemo, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Na mnamo Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoa machozi kwa sababu ya kuandamana kuudai uwanja wao wa kuchezea. Watoto wadogo, jamani! Sisi wa Eastlands tusijione tuko mbali. Mitaa yetu ya zamani ilijengwa ikiwa na nafasi za wazi kwa makusudi. Nendeni Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, mwone jinsi nyumba zilivyopangwa kuzunguka uwanja. Aliyepanga vile alijua kwamba binadamu hahitaji chumba tu. Sasa sisi tuliorithi nafasi hizo tumeziacha zikawa jaa la takataka. Asiyetunza chake hukitunziwa na mwizi.

Baada ya kisa kile cha kamba, vijana wa mtaa tulichanga pesa tukanunua mbegu za ukoka na mfuko wa mbolea ya CAN. Ilikuwa Januari, jua la kupasua mawe. Tukachimbua, tukamwaga mbegu na kuzinyunyizia maji kila jioni. Wiki ya pili zikachungulia, kijani kibichi kama nywele za mtoto. Tukajisifu mtaa mzima. Wiki ya tatu mimi, kwa ujuaji wangu, nikasema chakula zaidi ndiyo afya zaidi. Adhuhuri ile nikarusha CAN kwa konzi, kama mtu anayewatupia kuku mahindi. Baada ya siku chache kiwanja kiligeuka rangi ya chapati iliyoungua. Wenzangu walinitazama tu. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililoniuma.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja jirani, ambaye sote twamwita Babu. Miaka mingi alikata nyasi za watu huko upande wa pili wa jiji. Alikuja, akachutama, akang'oa mche mmoja na kunionyesha.

"Mjukuu wangu, umewapa watoto wachanga nyama choma."

"Lakini Babu, si mbolea ni chakula?"

"Ni chakula. Pia ni chumvi. Hebu kunywa wewe maji ya chumvi saa sita za mchana, uone."

Nilipofika darasani nikakumbuka: kumbe ni ile osimosisi tunayoikariri katika Biolojia! Chumvi ya mbolea ikizidi nje ya mzizi, maji hutoka ndani ya mmea badala ya kuingia. Nilikuwa nimeijua kwa mtihani, sikuijua kwa maisha.

Basi Machi ilipokaribia kwisha na mvua ya masika kuanza, tulirudia upya. Naandika hatua hizi kwa sababu nataka asiwepo mwingine wa kuchoma pesa za wenzake.

Kwanza, udongo. Wetu ni ule mweusi wa pamba. Ukilowa hunata, ukikauka hupasuka nyufa za kumeza mguu. Babu alitukataza kuulima ukiwa tope au ukiwa mkavu kabisa, bali ukiwa na unyevu kiasi. Tukaokota mawe na makaratasi ya plastiki, tukachanganya samadi iliyooza vizuri. Ile mbichi ya kuku tuliambiwa tuiache, nayo pia huunguza.

Pili, mbolea ya kupandia. Hapa ni DAP, si CAN, kwa sababu DAP ina fosforasi nyingi, na mche mchanga huhitaji mizizi kabla ya majani. Kipimo chetu kilikuwa kizibo cha soda, kile kile wanachotumia wakulima kwa mahindi, ambacho hubeba gramu tano hivi. Vizibo viwili kwa kila mita mraba vinatosha, na vichanganywe na udongo kwa reki kabla mbegu hazijaguswa.

Tatu, mbegu. Za ukoka ni ndogo sana. Kiwanja cha mita 10 kwa 10 chahitaji nusu kilo hadi kilo moja. Tulizichanganya na mchanga mkavu, nusu tukazimwaga tukielekea mashariki, nusu tukielekea kaskazini, ili pasibaki vipara. Zifunikwe kidogo tu, zisizidi nusu sentimita, kisha zikanyagwe polepole zishikane na udongo. Mbegu ukiizika haioti.

Nne, subira. Kwa wiki tano tangu zichipuke hatukuzipa mbolea yoyote. Baada ya hapo tukatia CAN, vizibo viwili kwa mita mraba, asubuhi umande ukiisha kukauka juu ya majani, tukanyunyizia maji papo hapo. Zikikomaa ndipo hupewa vinne. Na Julai, baridi ya Nairobi inapobana, tuliziacha zilale. Hizi ni nyasi za joto. Kuzilisha wakati wa baridi ni kutupa pesa.

Najua wako wanaonipinga, na hoja zao nazijua, kwa maana nilizisikia zote uwanjani.

Wapo wasemao nyasi ni mambo ya Runda na Muthaiga. Si kweli. Ukoka ni mmea uliozoea jua la Afrika, na ile nyasi maarufu ya Kikuyu imepewa jina la watu wa nyanda zetu hizi za juu. Leo inakanyagwa Australia, Afrika Kusini na California. Wengine waichukue kwetu, wajivunie, halafu sisi tuambiwe ni ya wenyewe?

Wapo wasemao maji yako wapi, na mfereji wenyewe una siku zake. Hao nawaheshimu. Kiwanja cha mita 10 kwa 10 kukinywesha milimita tano tu ni lita 500, yaani mitungi 25 ya lita 20. Nani atabeba? Ndiyo maana nasema tupande na mvua, Machi au Oktoba, si Januari kama tulivyofanya. Siku ambazo mvua ilikosa, kila nyumba ilitoa mtungi mmoja wa maji ya kusuuzia nguo.

Na wapo wasemao, wengi wao wakiwa wadogo zetu, kwamba tuliwanyima uwanja wa kuchezea. Kweli, tuliwafukuza, na siku mbili walilipiza kisasi kwa kupita katikati ya miche na baiskeli. Kosa lilikuwa letu. Tungepanda nusu, tukawaachia nusu, kisha tukabadilishana. Nyasi zinazolindwa dhidi ya watoto zitakuwa za nani baadaye?

Lakini nisiwadanganye. Nyasi si hatimiliki. Mnyakuzi mwenye karatasi na tingatinga haogopi ukoka. Wazee wetu bado wanahitaji kufuatilia hati za kiwanja hicho, na hiyo ni safari ndefu. Hata hivyo nimeona jambo moja. Zamani mtu akitupa taka pale, tulipita tu. Siku hizi mama mboga hupaza sauti kutoka kibandani mwake: "We kijana, hapo ni petu!" Neno hilo "petu" halikuwepo mwaka juzi. Limeota pamoja na nyasi. Mtu wa kamba akirudi, atakuta watu, na watu ndio ua lisilobomolewa kwa usiku mmoja.

Sasa narudi shuleni. Sote twaujua upara ulio kando ya mahali tunapokusanyika asubuhi, ule unaotujaza vumbi shati jeupe likawa kahawia kabla ya somo la kwanza. Naomba uongozi wa shule uturuhusu kuanza na robo yake tu mvua ya Machi ijayo. Kila darasa lilete samadi, na Chama cha Kiswahili kitoe zamu ya kumwagilia. Vizibo vya soda tunavyo, tena vingi. Mimi nitakuwa wa kwanza kushika jembe, ila naahidi mbele yenu nyote: mfuko wa mbolea atashika mwingine.

Penye nia pana njia. Naomba kutoa hoja.