Jiko la Nyama Safarini: Uliza Kwanza Litazimwaje



Ndugu wasomaji, wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mlioko vyuoni,

Kila likizo ya kiangazi inapokaribia hapa Marekani, simu yangu hailali. Familia zetu za Kiislamu zilizotoka Burundi, Kongo na pwani ya Afrika Mashariki zimejifunza kusafiri kama wenyeji wa hapa: zinakodi gari-nyumba, zinapakia watoto, mito na masufuria, zinaondoka. Na swali ninaloulizwa ni lile lile kila mwaka: "Bwana, tununue jiko gani la kuchomea nyama?"

Kwa mlioko nyumbani ambao hamjaliona, gari-nyumba, ambalo wenyeji huliita RV, ni gari kubwa lenye vitanda, jiko la ndani, choo na tangi la maji. Mchana mnasafiri, jioni mnaegesha kambini, mnalala humo humo. Kwa familia ya Kiislamu hii ni neema. Mnapika halali yenu, maji ya udhu mnayo, na wakati wa swala ukiingia mnaegesha mnaswali bila kubabaika.

Shida huja kwenye nyama choma. Makambi mengi yana majiko ya chuma yaliyosimikwa ardhini, na kila mgeni huyatumia. Aliyetangulia jana huenda alichoma nyama ya nguruwe, na mafuta yake bado yamegandia kwenye wavu. Wengine hutandika karatasi ya foili juu yake, wengine husugua mpaka mikono iume. Mimi naona njia nyepesi ya kuondoa shaka ni kuwa na jiko lako mwenyewe, dogo, la kubebeka. Hapo wengi tunakubaliana. Tunapoachana ni katika kuchagua.

Watu huchagua kwa maswali matatu: bei gani, litachoma mishikaki mingapi kwa mara moja, na je, litatoa ladha ya mkaa? Ni maswali mazuri. Lakini maoni yangu, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii, ni kwamba yote matatu yanakuja nyuma ya swali moja ambalo wachache huliuliza: jiko likimaliza kazi, litazimwaje, na baada ya muda gani linaweza kurudi garini kwa usalama?

Nimelipata swali hili kwa njia mbaya. Nitawasimulia, ingawa sijisikii vizuri kusimulia.

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Septemba, tulikwenda kaskazini mwa jimbo la Michigan. Tulikuwa familia mbili, yangu na ya shemeji yangu, na watoto sita. Nilikuwa na jiko dogo la mkaa la mviringo, nikilipenda sana. Jioni tulichoma mishikaki, tukala, tukaswali Isha. Mvua ikaanza. Nikaumwagia mkaa maji kidogo, ukatoa mvuke, nikaona juu pamekuwa na majivu meupe, nikasema umekufa. Sikutaka jiko lilowe lishike kutu, basi nikaliingiza ndani ya gari karibu na mlango, nikafunga madirisha yote kwa sababu ya baridi. Shemeji akaniuliza, "Una hakika limezimika?" Nikamjibu kwa majivuno, "Shemeji, mimi nimekulia kwenye mkaa."

Usiku wa manane king'ora kidogo kilichobandikwa ukutani kikaanza kulia. Nilidhani betri imekwisha, nikainuka nikichomoe. Kichwa kilikuwa kizito na miguu haina nguvu. Mke wangu ndiye aliyelikumbuka jiko. Alifungua mlango akapiga kelele, tukawatoa watoto mmoja mmoja kwenye mvua. Mdogo kuliko wote, wa miaka minne, tulimwita mara tatu ndipo akafumbua macho. Tulipelekwa hospitali, tukapewa oksijeni, na alhamdulillah wote tulirudi nyumbani. Shemeji hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kilichotokea ni hiki. Mkaa uliofunikwa na majivu unaonekana umekufa, lakini ndani bado unaungua, na unapoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi nyingi ya kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Aliye macho huumwa kichwa na kutaka kutapika. Aliyelala anaweza asiamke kabisa. Hapa Marekani sheria inataka kila mfuko wa mkaa uwe na onyo la kutouwasha ndani ya nyumba, gari au hema. Mfuko wangu ulikuwa nalo. Niliuchana katikati ya maandishi yale.

Msidhani jambo hili ni la Marekani peke yake. Katika maeneo ya baridi ya milima yetu, Burundi, Rwanda hadi Kenya, tumesikia mara ngapi habari za watu walioingiza jiko la mkaa chumbani wapate joto, na asubuhi majirani wakavunja mlango? Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha tusiache moto ukiwaka majumbani mwetu tunapolala. Gari-nyumba nalo ni nyumba.

Sasa tuyaangalie majiko yenyewe kwa kipimo cha swali letu.

Jiko la mkaa. Ni rahisi kununua, na wengi wetu tumelizoea. Lakini halina swichi. Ukimaliza kuchoma, moto unaendelea saa nyingi, na majivu yanaweza kuficha makaa ya moto hata siku nzima na zaidi. Huwezi kuliingiza garini usiku, na asubuhi unapotaka kuondoka mapema bado unalo mkononi. Wengine huyafukia makaa mchangani. Hili ni kosa kubwa, kwa sababu mchanga huficha moto bila kuuzima, na mtoto wa watu atakuja kukanyaga hapo kesho bila viatu. Tumefundishwa kuondoa udhia njiani, sasa tutauzikaje?

Jiko la gesi. Hili ndilo chaguo langu. Unafunga vali, moto unakufa papo hapo. Baada ya muda si mrefu chuma kimepoa, unafuta mafuta, unalirudisha mahali pake. Hata mamlaka za misitu za hapa hutumia kipimo hiki hiki. Katika majimbo ya magharibi, kiangazi kikikauka, hutolewa amri za kuzuia moto. Mara nyingi amri hizo hukataza kuni na mkaa lakini huruhusu jiko la gesi lenye vali ya kufungia. Familia yenye jiko la mkaa tu hula mkate na jibini wakati jirani yao anachoma kuku. Amri hubadilika na nyingine huwa kali zaidi, kwa hiyo uliza ofisi ya kambi kila mnapofika.

Mfano mwingine ni hifadhi ya Yellowstone. Kule kuna dubu, na kanuni ni kwamba vyombo vya kupikia na majiko ya kuchomea visiachwe nje visipotumika, hata kama ni visafi, usiku na mchana. Kwa mwenye gari-nyumba, maana yake ni kufungia jiko ndani ya gari. Sasa jiulize: jiko gani unaweza kulifungia pamoja na watoto waliolala? Ni lile tu lililozimika kweli na kupoa.

Jiko la umeme. Nalo huzimika mara moja. Lakini linahitaji kambi yenye umeme, na hula umeme mwingi. Jiko la wati 1,500 kwa umeme wa hapa wa volti 120 huchukua ampea 12 na nusu peke yake. Kama gari lako limeunganishwa kwenye umeme wa ampea 30, na kiyoyozi kinafanya kazi, unaweza kukata umeme kabla kuku hajageuzwa. Ni zuri kwa anayelala kwenye makambi yenye huduma zote.

Najua wapo watakaoniambia: "Mshikaki bila mkaa si mshikaki." Ndugu yangu, nilisema hivyo kuliko wewe. Mkaa una harufu yake, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya ladha ya nyama choma hutokana na mafuta na maji ya nyama yenyewe yanapodondokea kwenye chuma cha moto na kurudi juu kama moshi. Jiko zuri la gesi hufanya hivyo pia. Iliyobaki ni tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na subira ya kuacha nyama ilale kwenye viungo usiku kucha. Watoto wangu hawajawahi kulalamika.

Mkienda dukani, angalieni haya:

1. Gesi yenyewe. Chagua jiko la propani. Butani huacha kuwa mvuke joto linapokaribia nyuzi sifuri, na alfajiri za milimani ni baridi hata kiangazi. Propani haisumbuliwi na baridi hiyo.

2. Matumizi. Kwenye maboksi utaona kipimo cha joto kinachoitwa BTU. Jiko la mezani la takriban BTU 10,000 kwa saa, likifunguliwa lote, litamaliza chupa ndogo ya ratili moja kwa saa mbili hivi. Hesabu milo yako. Chupa hizi ndogo za kutumika mara moja zisijazwe tena, na hata ikionekana tupu isitupwe motoni.

3. Bomba la gari. Magari-nyumba mengi yana tundu la gesi ubavuni. Gesi inayotoka hapo kwa kawaida imeshapunguzwa presha na regulata ya gari. Ukiunganisha jiko lenye regulata yake ya chupa ndogo, presha inapunguzwa mara mbili na moto unakuwa dhaifu. Muulize muuzaji kama jiko linafaa kwa tundu hilo. Usifungue regulata mwenyewe kwa kubahatisha.

4. Kifuniko, miguu na upepo. Liwe na kifuniko kinachofunga vizuri, miguu isiyoteleza, na ukuta wa kuzuia upepo. Jiko linaloyumba mezani halifai kwenye kambi yenye watoto wanaokimbia.

5. Trei ya mafuta. Iwe inachomoka na kuoshwa. Mafuta yaliyojaa huwaka moto, na harufu yake huita wanyama.

Na gesi isikupe kiburi kama mkaa ulivyonipa mimi. Jiko la gesi la nje nalo likiwashwa ndani hutoa sumu ile ile. Liweke mbali na gari, angalau hatua nne tano, na kamwe si chini ya turubai la kivuli. Propani ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini, kwa hiyo ukisikia harufu ya yai viza usiwashe chochote, funga chupa na utoe watu. Kabla ya safari paka povu la sabuni kwenye maungio yote. Likitoa mapovu, panavuja. Na king'ora cha kaboni monoksidi kibonyezwe kijaribiwe kila safari. Kikilia usiku usitafute betri. Toa watu kwanza.

Kwa asiyeweza kuachana na mkaa, basi nunua jiko lenye kifuniko na matundu ya hewa yanayofungika. Anza kuchoma mapema, na uwe na ndoo ya maji tayari. Mwagia, koroga, mwagia tena mpaka majivu yawe kama uji baridi. Jiko lilale nje na mvua na liloe. Pale kanuni za kambi haziruhusu kuliacha nje, usiwashe mkaa kabisa. Kutu huondoka kwa brashi.

Wanafunzi, najua mifuko yenu. Msiharakie jiko la mkaa la bei nafuu kuliko yote kwa sababu mnasafiri mara moja kwa mwaka. Changeni watu wanne mnunue moja la gesi, likae kwa mwenye nafasi, lizunguke baina yenu. Na ombeni ulizeni kwa wazee wa msikiti, huenda yupo mwenye nalo limekaa stoo.

Jiko langu la mviringo bado ninalo. Nimepanda mnanaa ndani yake, liko barazani, na yule mtoto aliyeitwa mara tatu ndiye anayeumwagilia maji. Tunauchuma kwa ajili ya chai.

Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu safarini na majumbani. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.