Kabla ya Punk Kulikuwa na River Road

Wapenzi wa muziki wa Uingereza wana hadithi moja wasiyochoka kuisimulia. Mwishoni mwa 1976 vijana wa Manchester waitwao Buzzcocks walikopa pauni 500 hivi, wakarekodi nyimbo 4, na Januari 1977 wakatoa santuri 1,000 kwa lebo yao wenyewe na kuiita Spiral Scratch. Hawakungoja kampuni kubwa iwaone. Sisi tunaoshabikia programu huria tunaipenda hadithi hiyo kwa sababu inafanana na yetu: shika kifaa ulicho nacho, jifunze kidogo, tengeneza chako, sambaza.

Hadithi nzuri, sikatai. Ila mtu wa Nyeri au Murang'a akiambiwa kwamba hayo ndiyo yalikuwa mapinduzi, ana haki ya kuguna.

Joseph Kamaru alizaliwa Kangema, Murang'a, mwaka 1939. Alifika Nairobi 1957 kutafuta kazi, na muongo uliofuata akaanza kurekodi. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 alikuwa na lebo yake na duka lake la muziki. Daniel Kamau wa Gatanga, yule DK, naye akawa na lebo yake. Na hawakuwa wawili tu. River Road na vichochoro vyake vilijaa wanamuziki na wachuuzi waliofanya kila kitu wenyewe: unalipia studio kwa saa chache, unapeleka tepu kiwandani, unarudi na santuri ndogo zenye wimbo mmoja kila upande, unaziuza kaunta. Mwenye duka kutoka Karatina aliyeshuka mjini kununua mali alipanda na santuri zake kwenye basi, na jioni baa nzima inacheza. Hakuna aliyeiita harakati. Waliiita biashara.

Redio ya serikali ilikuwa moja, na lugha ya Kikuyu ilipewa saa chache tu. Kwa hiyo wimbo ulitegemea kaunta, baa na matatu, na njia hiyo ilikuwa na faida moja ambayo mhandisi yeyote wa mitandao ataielewa mara moja: haikuwa na kitovu. J.M. Kariuki alipouawa Machi 1975, Kamaru aliimba juu ya kifo chake. Redio unaweza kuinyamazisha kwa simu moja. Santuri zilizokwisha kusambaa hadi Nyeri na Nanyuki utazikusanyaje?

Kanda za kaseti zilizidisha mambo. Mwaka 1990, baada ya vibanda vya Muoroto kubomolewa Nairobi mwezi Mei na Kenneth Matiba kuwekwa kizuizini Julai, nyimbo za Kikuyu kuhusu mambo hayo zilivuma ndani ya matatu. Polisi walivamia maduka na kuwakamata wauza kanda. Fikiria jambo hilo kidogo. Dola nzima, yenye jeshi na redio, inahangaika na kijana mwenye deki mbili na rundo la kanda tupu! Bendi ngapi za punk za London ziliwahi kuogopwa kiasi hicho? (Wakati huu wetu Nairobi ina bendi ya punk hasa, Crystal Axis, nayo imeimba juu ya Nyayo House. Magitaa yao yana kelele zaidi, lakini naiona kama jamaa wa karibu wa zile kanda.)

Hapa lazima nipingane na wenzangu wa programu huria, maana najua wanakokwenda: "Unaona? Kunakili ndiyo uhuru!" La. Deki mbili zilizombeba mwimbaji hadi Meru ndizo pia zilizomla. Anayeachilia programu yake kwa leseni ya GPL amechagua mwenyewe kuigawa. Mwimbaji wa Murang'a ambaye kanda yake ilinakiliwa stendi hakuulizwa. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 uchapishaji wa santuri nchini ulikuwa umekufa, na bendi zikawa ghali kulisha. Ndipo mugithi wa gitaa moja ukashika baa za Mlima Kenya: mtu mmoja, gitaa moja, spika, na wanywaji wameshikana viuno kama mabehewa ya gari moshi. Wapo wanaoudharau kwa sababu ya mistari michafu na nyimbo za kale zilizochakachuliwa. Mimi naona ndiyo punk yetu kamili. Watu walipokosa pesa za bendi walipunguza bendi, muziki wakaubakiza.

Je, leo? Kameme FM ilikuja 2000, Inooro 2003, kilio cha redio kikapungua. Kijana wa Othaya anarekodi kwa kompyuta ya mapajani, anapakia YouTube usiku huo huo, anasajili kionjo Skiza. Watu humwita msanii huru. Huru wapi? Akaunti ikipigwa maonyo 3 ya hakimiliki inafutwa, na nyimbo zote zinaondoka nayo. Majina ya mashabiki hana, namba zao hana, na mgao wa miito ya simu wasanii wameulalamikia miaka nenda miaka rudi. Kamaru akiwa na duka alimwona mnunuzi kwa macho. Huyu wetu anaona tarakimu tu.

Kamaru alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake, ambaye pia anaitwa Joseph Kamaru na hutumia jina la KMRU katika muziki wake wa elektroniki, amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake kupitia Bandcamp. Hilo liliwezekana kwa sababu familia ilikuwa na kazi zenyewe mkononi. Na hata Bandcamp nisingeifanya ghala: Epic Games waliinunua 2022, na mwaka uliofuata ikauzwa tena, kwa Songtradr. Iwe kaunta ya kuuzia tu.

Ghala ni diski yako, nakala mbili, nyumba mbili tofauti. Saa moja ya kaseti ikihamishwa kwa ubora wa CD hula takriban MB 635. Ukiibana kwa FLAC inashuka sana bila kupoteza chochote. Usianze na MP3, maana ilichotupa hakirudi. Kaseti ya dakika 60 inahitaji dakika 60 kuihamisha, hakuna njia ya mkato, na ile iliyokaa darini Tetu au Mathira tangu 1990 inaendelea kuoza. Kwa hiyo kama mzee ana sanduku la kanda, anza na zile ambazo hazina karatasi ya jina, akiwa bado yupo wa kukuambia ni sauti ya nani.