Waacheni Akina Mama Wabaki Wadogo

SEHEMU YA 1

Leo siandiki habari za chanjo. Leo nina hasira kidogo, mtanivumilia.

Mwezi uliopita kliniki nilimpima mtoto wa miezi tisa. Nikafungua kadi yake. Hadi mwezi wa nne mstari wa uzito unapanda vizuri kabisa, unampa raha nesi yeyote. Kuanzia mwezi wa tano umelala. Nikamuuliza mama yake, mwezi wa tano kulitokea nini nyumbani, aliugua? Akanijibu, tena kwa fahari: "Hapana sista, ndo tulipanua biashara."

Biashara yenyewe mnajua ni ipi? Unga wa lishe wa watoto. Kwenye mfuko kuna picha ya mtoto mnene anacheka.

Sikumlaumu na sitamlaumu. Mimi nataka kujua nani alimwambia apanue. Na jibu ninalo, maana nilikuwepo ukumbini siku hiyo. Nilialikwa kuzungumza lishe dakika kumi, nikapewa tano, kwa sababu kaka mmoja mwenye suti alikuwa bado anawaimbisha akina mama kwamba ukiwaza kidogo utakufa na kidogo. Makofi, vigelegele. Mlangoni kulikuwa na meza, na juu ya meza fomu za mkopo. Hivi mmeshawahi kujiuliza kwa nini hao watu wa "kuza biashara yako" na hao watu wa fomu wanakuja na gari moja?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili mwenye kukasirika akasirike sasa hivi. Mama mwenye mtoto chini ya miaka miwili hana deni la kumkuzia mtu yeyote biashara. Kubaki mdogo, kwa mtaji wako mwenyewe, kwa mikono yako, kwa saa unazozipanga wewe, siyo uoga wala uzembe. Kuna watu wanapata hela ukiacha kuwa mdogo. Hao ndo wanaokuita mzembe.

SEHEMU YA 2

Tufanye hesabu. Chukueni kalamu, hizi ni namba za mfano lakini kila mmoja aweke za kwake.

Tuseme unatengeneza unga kilo 20 kwa wiki. Unauza kilo 4,000. Mahindi, ulezi, kusaga na mfuko vinakula 2,700. Unabaki na 1,300 kwa kilo, yaani 26,000 kwa wiki. Si nyingi. Lakini ni zako, hakuna mtu anayekuja kugonga mlango kwa ajili yake.

Sasa unakopa laki tatu. Unaambiwa utarejesha 32,500 kila wiki kwa wiki 12. Inasikika ndogo, si ndiyo? Jumla ni 390,000. Elfu tisini imeondoka. Na hiyo laki tatu hukai nayo miezi mitatu, maana wiki ya kwanza tu umeshaanza kuirudisha. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa hawa wakopeshaji. Hata ukipiga kwa laki tatu nzima, miezi mitatu haifiki elfu thelathini na mbili. Sasa elfu tisini inatoka wapi? Ndiyo maana watu mtaani wakaipa jina kausha damu. Mimi ni nesi, najua damu ikikaushwa inakuwaje, na nakuambia jina wamelipatia.

Tuendelee. Ili upate 32,500 ya rejesho kwa faida ya 1,300, lazima uuze kilo 25. Hizo ni za mkopo tu. Ili ubaki na ile 26,000 yako ya zamani, unahitaji kilo 45. Umefanya kazi zaidi ya mara mbili ili urudi palepale ulipokuwa. Kilo 45 huzichambui na kuzikaanga na mtoto mgongoni kama zile 20. Unamtafuta binti wa kukusaidia, anakula na analipwa. Wateja wa kilo 45 huwapati mtaani kwako, inabidi upeleke dukani, na mwenye duka anachukua kwa mali kauli, anakulipa akijisikia. Afisa mikopo yeye hasubiri ujisikie. Anakuja Jumatatu.

Na unga wenyewe jamani. Uliotengenezwa kidogo unauzwa wiki hiyohiyo. Ukiwa mwingi unakaa. Wengi wetu tunasaga karanga humohumo, na karanga ikishasagwa inachacha upesi. Ikiwa ilihifadhiwa na unyevu ndo kuna sumukuvu, ambayo huioni wala kuionja, na kuchemsha uji hakuitoi. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu walikufa kwa chakula chenye sumu hiyo. Nimeshawaambia mara nyingi kliniki, nafaka saga peke yake, karanga safi weka wakati wa kupika. Anayetengeneza kilo 20 anaweza kuchambua punje kwa punje. Wa kilo 200 anaomba Mungu.

SEHEMU YA 3

Jana kuna dada kaniandikia kwamba nawakatisha tamaa wanawake, na kwamba mkoa wetu umebaki nyuma kwa mawazo kama yangu. Sawa. Hebu tuongee kuhusu mkoa wetu.

Ufipa hakuna njaa. Mahindi yetu yanalisha watu ambao hawajui hata Sumbawanga iko wapi. Msimu ukifika malori yamepanga foleni, NFRA wananunua, maharage yanashuka kutoka vijijini, migebuka na dagaa wanapanda kutoka Kasanga na Kipili. Na utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 umekuta karibu nusu ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Nusu! Kwa nchi nzima ni kama asilimia 30. Tunaongozana na Iringa na Njombe, nao wana chakula tele kama sisi.

Chakula kipo, ila kinapita mlangoni kikienda sokoni. Na mikono ya kumlisha mtoto haipo, iko shambani au kwenye biashara. Mtoto wa miezi tisa anahitaji kula mara tatu hadi nne kwa siku na bado anyonye. Nani anampa hizo mara nne? Dada yake wa miaka saba anampa uji mweupe asubuhi, na mchana ule uleule ulioganda. Nyumba ina kuku kumi na nane na trei za mayai, lakini yai la mtoto limehesabiwa kwenye rejesho. Nikisema biashara inakula chakula cha mtoto simaanishi fumbo. Namaanisha yai.

Nayasema haya kwa sababu niliyafanya mimi. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miezi mitatu nilipokopa kwa mkopeshaji mmoja hapa mjini ili niongeze friji na fremu ya pili ya maziwa mgando. Nilikuwa natoka zamu, napita fremu ya kwanza, napita ya pili, nafika nyumbani mtoto amelala. Maziwa ya mama yanatengenezwa kwa kunyonywa, mara nane au zaidi kwa siku, usiku na mchana. Asiponyonya, mwili unaelewa kwamba hayahitajiki. Nilikuwa nawafundisha wenzangu hivyo kila asubuhi, na mwezi wa tano ya kwangu yakakauka. Nikawa nauza maziwa mitaa miwili na mwanangu analishwa ya ng'ombe kwa chupa nyumbani. Akaharisha wiki mbili. Fremu ya pili niliifunga, friji lilichukuliwa, mtoto alipona. Sijawahi kuiandika hii mahali. Mume wangu ataisoma hapa leo.

SEHEMU YA 4

Siyo unga tu. Kuna mama mmoja anafuma masweta ya watoto wachanga na kofia. Mnajua baridi yetu ya Juni na Julai, ukitoka asubuhi ukungu umekaa barabarani kama mtu. Masweta yake yana mstari mmoja wa rangi kifuani anaoubuni mwenyewe, hakuna mawili yanayofanana, na wazazi wakija wodini na sweta lake tunalitambua kabla ya mtoto.

Akaletewa oda ya shule, masweta 200, rangi moja, malipo baada ya kukabidhi. Wote tulimwambia chukua! Mimi pia nilimwambia, naomba niwe mkweli. Akakopa nyuzi. Akaweka mabinti wawili. Miezi mitatu hakugusa sweta hata moja la mtoto mchanga, wateja wake wakaenda mtumbani. Pesa ya shule ilikuja muhula umeshafunga, tena nusu. Alichoniambia kinaniuma mpaka leo: "Sista, sikuwa nafuma tena. Nilikuwa nasimamia ufumaji." Rangi hakuchagua yeye, wala saizi, wala siku ya kulipwa. Kitu pekee kilichobaki chake kilikuwa deni.

Sasa hivi amerudi kwenye masweta mawili matatu kwa wiki. Unaleta advansi ya nyuzi, unasubiri zamu yako, rangi mnashauriana lakini mstari wa kifuani ni wa kwake. Ukija na haraka anakuelekeza kwenye mtumba bila kinyongo. Bei amepandisha kidogo na foleni haijapungua. Mwezi uliopita kaletewa oda nyingine ya shule. Akawakaribisha chai, akawaambia hapana.

SEHEMU YA 5

Nimalizie na lile swali mnaloniuliza wengi: "Sista, wewe una mshahara, ni rahisi kusema."

Kweli. Tena naongeza. Nikijifungua, sheria inanipa siku 84 za likizo yenye malipo, 100 nikipata mapacha. Wewe unayeuza vitumbua au kushona, nani anakupa? Hakuna. Likizo yako ya uzazi ni huo udogo wa biashara yako. Ni ule uwezo wa kusema wiki hii sikaangi, mtoto ana homa, na dunia isianguke. Siku unapoweka kidole gumba kwenye ile fomu, unachouza kwanza ni hiyo likizo. Ndiyo maana mimi mwenye mshahara napiga kelele kuliko wewe.

Wala sisemi mtu asikue kamwe. Kuna mama ana wifi nyumbani, ana mume anayebeba mtoto mgongoni bila kuona aibu (wapo, nimewaona wawili), na mtoto wake wa mwisho yuko darasa la pili. Huyo akitaka mashine yake ya kusaga na anunue, kwa faida aliyoitunza mwenyewe. Na maskini wa kweli, asiye na hata mtaji wa kilo 20, simwambii abaki hapo. Kwa huyo kuna njia zisizokausha. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za vikundi vya wanawake. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mumsumbue, ndo kazi yake. Kuna vikundi vyetu vya hisa, VICOBA, ambavyo mfumo wake ulianzia kwa wanawake wa vijijini Niger mwaka 1991, hawakuwa na benki wala mtu wa suti. Humo riba mnayolipa inarudi kwenu mwisho wa mzunguko. Lakini hata humo angalia, rejesho ni rejesho, na mwenzako akishindwa msimtolee godoro nje. Ninyi si wao.

Aliyeshaingia, asikimbie na asikope kwingine kulipa huku. Hapo ndipo watu wanapotea. Nenda kwao na karatasi zako ukiwa na mtu anayejua kusoma mkataba, omba marejesho yapunguzwe na muda uongezwe. Rudisha uzalishaji kwenye kiwango mikono yako inachoweza. Na kabla hujapeleka trei dukani, toa la mtoto.

Nyie mababa, mkeo akisema hapana kwa oda kubwa, usimwambie shemeji yake mbele ya watu kwamba hana akili ya biashara. Muulize amepiga hesabu gani.

Yule mama wa miezi tisa alirudi kliniki juzi. Uzito wa mtoto umeongezeka gramu 200. Ananyonyeshwa tena usiku, na mchana mama anarudi kumlisha mwenyewe. Ameacha duka moja kati ya yale matatu aliyokuwa anapeleka unga. Mkopo wa kwanza alishaulipa kwa kuchukua wa pili, na wa pili umebaki marejesho matano. Nimempa tarehe ya mwezi ujao, nimeiandika mwenyewe kwenye kadi.